Mwaka wa Rimu Zinazong'ara

Sauti ya Feisal niliisikia kabla sijamwona. Sisi wanawake tulikuwa juu, tumejazana katika chumba cha marehemu Bi Kije pale Mkunazini, wengine mkekani, wengine mpaka ngazini, na wanaume walikuwa chini uchochoroni, wamekalia mabaraza na viti vya kukodi. Khitma ilikuwa inamalizika. Dirisha lilikuwa wazi, na mtu akasema huko chini, "Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mama wa sote," akakohoa kidogo kabla ya kusema "sote." Mkono ukanigandia na kisahani cha haluwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, lakini sauti ni ile ile, laini, sauti ya mtu anayekupangusia kiti kabla hujakaa. Jirani yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni moshi wa ubani tu. Wala haukuwa moshi. Yalikuwa mazoea yangu ya zamani yaliyoamka: Feisal akisema jambo jema, mie huanza kujiuliza ni jambo gani hakulisema. Wanangu wananicheka kwamba sikubali kitu mpaka nikishike. Hawajui kwamba kulikuwa na mwaka nilioukuta ulimwengu wenye kuaminika, nikautoka nikiwa hivi.

Ya kwetu nilikozaliwa nayaacha. Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba cha nyuma kwa Bi Kije, chumba chenye dari ya boriti na dirisha moja linalotazama uchochoro. Ukilifungua alasiri, maneno yote ya barazani yanapanda na kuingia kama harufu ya vitunguu. Bi Kije alikuwa mjane, mnene, mwenye mwendo wa taratibu na ulimi wa haraka, na alinipikia kana kwamba ndiye aliyenizaa: muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, mkate wa kumimina, na siku za Ijumaa boko boko la ngano na nyama alilolisonga mwenyewe hata mikono ikamtetemeka. Nilikuwa dereva. Nilikuwa na gari yangu nyeupe ya milango ya kusukuma, na kituo changu kilikuwa karibu na bandari, mahali wageni wanaposhuka boti na kutafuta wa kuwapeleka pwani. Pale kituoni mwanamke nilikuwa peke yangu. Hawakunifukuza, lakini kila nilipofika mazungumzo yalikatika, mtu akatazama saa, mwengine akanyanyua kikombe cha kahawa kilichokwisha zamani. Siku nyengine nilijiambia ni adabu tu, wanaume wanajizuia mbele ya mwanamke. Siku nyengine sikujiambia hivyo.

Feisal alikuwa mchumba wangu. Posa ilikuwa imeshapokewa, na harusi ilikuwa ingojewe mpaka baada ya mfungo. Alikuwa na duka upande wa Darajani la vitu vya kupambia gari: vifuniko vya viti, taa za rangi, redio, na ukutani rimu zilizotundikwa kama masahani ya harusi. Siku moja akaniambia nipeleke gari. Nilipofika nikakuta rimu nne mpya kabisa chini ya turubai, za miguu mitano, zinang'ara hata ukijitazama unajiona. "Zawadi ya bibi harusi," akasema. Nilifurahi, sikatai. Mfanyakazi wake akapiga jeki, akafungua magurudumu ya zamani yenye rimu nyeusi za chuma, na Feisal mwenyewe akazifunga zile mpya kwa nati mpya zinazong'ara vile vile. Nakumbuka alikuwa na haraka, maana adhana ya Ijumaa ilikuwa karibu, na watu walikuwa wamesimama kutazama. "Hii sasa ndiyo gari," akawaambia watu, si mimi. Magurudumu ya zamani niliyarudisha nyumbani nikayalaza ukumbini, na Bi Kije hakuchelewa kuyatafutia kazi: akayawekea sinia na kuanikia pilipili manga juu yake.

Haukupita muda, usukani ukaanza kutetemeka. Mjini haukuwa na neno, lakini nikishatoka, nikafika penye barabara nyoofu, mikono ikanitikisika kama ya mtu mwenye homa. Nikamwambia Feisal. Akacheka, akasema barabara za shamba ndivyo zilivyo, tairi bado ngeni, zitazoea. Nikamwamini, kwani nani asiyemwamini mchumba wake katika kazi aliyoisomea? Kisha Bi Kije akataka kwenda Kiwengwa kumtazama binti yake anayelima mwani. Nikampakia mbele, na kapu lake la vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, miguuni, akawa ananisimulia habari za mkwe wake asiyempenda. Tulipopita Kinyasini tukaanza kuteremka, gari ikavuta kushoto, kukawa na mgongano chini, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikasimama kando. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeinama. Nati mbili hazipo. Zilizobaki nilizizungusha kwa vidole vyangu, bila spana, kama kifuniko cha chupa.

"Nini?" Bi Kije akaniuliza kutoka ndani.

"Hamna kitu, Bi Kije. Nati zimelegea kidogo."

"Kidogo, na uso wako umekuwa wa majivu?"

Nikatoa nati mojamoja katika magurudumu mengine, nikazifunga mbele, nikakaza mpaka kiganja kikachubuka. Tukaenda Kiwengwa na kurudi kwa mwendo wa punda. Njia nzima Bi Kije alikuwa akisoma kimoyomoyo, vileja viko mapajani, hakumpa hata binti yake.

Feisal nilimkuta kwa Bi Kije alasiri ile ile, amekuja kwa vespa yake. Nilipomweleza alinitazama kwa huruma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, nati hazijilegezi. Nati hulegezwa na mtu." Akaniuliza nani pale kituoni hanitaki. Nikasema sijui. Akasema, "Yule Mtumbatu, Kombo. Mimi nimemwona mwenyewe amechutama karibu na gari yako." Kombo alikuwa dereva mwenzangu, mrefu, mkimya, mtu wa kuswali kwa wakati na kula peke yake. Neno lile likaniingia na likakaa, maana siku mbili baadaye na mimi nikamwona kwa macho yangu: nimetoka kununua maji, nikamkuta amechutama penye gurudumu langu la mbele, mkono wake uko kwenye nati. Aliponiona akasimama, akafuta mikono, akaondoka bila salamu.

Tangu hapo kila kitu kikawa dalili. Wakinyamaza nikifika, wananipangia. Wakicheka, wananicheka mimi. Mtu akinipisha abiria, najiuliza kwa nini anataka niondoke sasa hivi. Nikaacha kunywa kahawa ya pale. Nikawa nakula ndani ya gari, vioo nimepandisha, jua linanichoma. Bi Kije naye alikuwa na shaka zake, na shaka zake hazikuhusu nati. Asubuhi moja nilimkuta ndani ya gari, milango imefungwa, anafukiza udi na ubani mpaka hata kumwona simwoni. "Watumbatu wana elimu yao," akasema. Nikamwambia ikiwa ni elimu ya uchawi, basi kwa nini achutame na kushika nati kwa mkono? Akaendelea kufukiza. Wiki nzima abiria wangu walikuwa wakiniuliza kama nimetoka harusini.

Lililoniamsha lilikuja kwa lile dirisha. Ilikuwa alasiri, nimejilaza, nshakula, borohoa ya choroko imenilemea. Chini barazani wamekaa watu watatu wanne, na mmoja wao nikamjua kwa kukohoa kwake. Feisal alikuwa amekuja kunitazama, akaambiwa nimelala, akakaa kusubiri. Mwengine alikuwa dereva wa kituoni kwetu, na akamuuliza, "Yakhe, hivi gari ya mchumba wako ina nini? Watu wanasema gurudumu lilitaka kuchomoka."

"Ah," Feisal akasema, "Zuhura anapenda kukimbiza. Anapanda matuta kama hayaoni. Mie nshamuonya, lakini mwanamke na usukani, utamwambia nini? Tena hataki mtu aiguse gari yake. Msije mkamsaidia, atawatukana."

Wakacheka. Mie nilikuwa nimekaa kitako kitandani, miguu iko chini, baridi ya sakafu inanipanda. Kwangu alisema ni Kombo. Kwao alisema ni mimi. Mtu anayejua ukweli huwa na hadithi moja. Huyu alikuwa nazo mbili, na kila moja ameipeleka mahali ambapo nyengine haitafika, kwa sababu mimi na wale madereva tulikuwa hatusemezani. Sikushuka. Nikamwachia Bi Kije amwambie kwamba bado nimelala. Nikajilaza tena nikitazama boriti, na kwa mara ya kwanza shaka yangu ikageuka upande wa pili.

Lakini shaka si ushahidi, na mie nilikuwa nimechoka kushuku. Nikatafuta njia ya kujua. Bi Kije alikuwa na kikopo cha piko, ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi. Asubuhi nikapeleka gari kwa jamaa yake Kikwajuni, nyumba yenye ua na geti la kufuli, nikakaza nati zote kwa spana, kisha kwa njiti ya kiberiti nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kila nati mpaka kwenye rimu. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari utakatika. Bi Kije alikuja kunisimamia, mikono kiunoni.

"Gari nayo inaolewa?"

"Naam, Bi Kije. Na nataka kumjua bwana harusi."

Ililala ndani ya geti. Asubuhi mistari yote mizima. Nikachukua wageni wa Kendwa, nikaenda nao mpaka mlango wa hoteli. Sikushuka kunywa chai, sikuiacha gari hata kwa kwenda msalani. Nikarudi. Nilipofika kwenye ule ua nikachutama. Mistari ilikuwa imekatika. Si nati moja wala si gurudumu moja; mbele zote zilikuwa zimejongea, kila mstari umevunjika katikati kama mdomo uliopinda. Hakuna mkono wa mtu uliozigusa. Si wa Kombo wala wa mtu mwengine. Zilikuwa zinajifungua zenyewe barabarani, na aliyezichagua na kuzitia hapo mwanzo alikuwa mtu mmoja tu, Feisal.

Nikaenda kituoni moja kwa moja. Kombo alikuwa amekaa ndani ya gari yake, mlango wazi, anakula mihogo. Nikamsimamia mbele.

"Assalaamu alaykum, Kombo."

Akashangaa. "Waalaykumu salaam."

"Siku ile ulikuwa unafanya nini kwenye gurudumu langu?"

Akatafuna, akameza, hakuharakisha. "Niliona nati moja imetoka nje kuliko wenzake. Nikaikaza kwa mkono. Sikuwa na spana karibu."

"Kwa nini hukunambia?"

"Mchumba wako alikuwa keshatwambia hutaki mtu aiguse. Halafu..." Akaitazama mihogo yake. "Halafu nilidhani unazilegeza mwenyewe. Ili unisingizie, nifukuzwe hapa. Mana ulikuwa unanitazama kama mwizi, dada."

Kisha nikaanza kucheka, na yeye akacheka, kicheko kibaya cha watu waliochezewa. Nikamwomba anisaidie. Tukaenda kwa Bi Kije, tukaondoa sinia la pilipili manga, tukalitoa gurudumu moja la zamani. Tukapiga jeki pale pale kwenye uwazi karibu na nyumba, tukafungua lile linalong'ara. Habu, kile chuma cha duara kinachobeba gurudumu, ina mdomo katikati uliotokeza. Tulipolivisha gurudumu la zamani, lilikwenda, likaingia kwenye ule mdomo, likakaa, halikucheza hata kabla ya kutiwa nati. Tukalitoa, tukavisha la Feisal. Tundu lake la kati lilikuwa kubwa. Gurudumu likaning'inia kwenye zile skrubu za habu tu, na ukilisukuma linakwenda juu na chini. Kombo akaingiza ncha ya kidole kidogo kati ya rimu na habu.

"Kidole kinapita," akasema.

Kisha nikazitazama nati. Tundu za rimu zilikuwa zimechongwa kwa ndani kama faneli, zinataka nati yenye ncha ya kuchongoka, iingie ikajibane. Nati alizonitilia zilikuwa za uso bapa. Nzuri, zinang'ara, lakini ziligusa ukingo tu. Gurudumu halikukaa katikati na nati hazikukalia chochote. Kila mzunguko lilikuwa likitikisika, na kila kutikisika nati zilikuwa zikirudi nyuma kidogo. Hili halikutaka elimu ya Watumbatu. Lilitaka mtu atazame tu, na mwenye duka la rimu lazima alikuwa ametazama.

Nikarudisha rimu ile, nikakaza, nikaenda Darajani polepole. Feisal alikuwa peke yake dukani, anapanga kaseti za redio.

"Rimu zangu tundu la kati ni kubwa kuliko habu," nikamwambia.

Akatazama mlango kwanza. "Nani kakwambia?"

Hakusema si kweli. Niliyashika maneno yale, nimeyashika mpaka leo.

"Nimeona kwa macho yangu. Huwa zinatiwa nini pale kati?"

Akavuta pumzi. Akainama, akatoa boksi chini ya meza. Ndani mna ringi za kujazia lile pengo, saizi mbalimbali, na nati za ncha ya kuchongoka. Zote zilikuwemo, ila ringi za saizi yangu tu. "Saizi yako haikuwepo," akasema. "Niliagiza, zikachelewa. Nilikuwa nikukabidhi gari mbele za watu, Zuhura, ningesema nini? Kwamba duka langu halina ringi? Zingekuja, ningezitia kimya kimya, hata usingejua."

"Na nati?"

"Zile zinapendeza zaidi. Na ukienda polepole zinashika."

"Zinashika?"

"Zinashika."

"Basi twende. Gari iko nje. Twende mpaka Kiwengwa, wewe ukae mbele pale alipokaa Bi Kije."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha meza. Alifuta pale pale, mahali pamoja, mpaka nikaona uso wangu mle ndani. Na hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote: tangu alipozifunga rimu zile, Feisal hakuwahi kupanda gari yangu. Kila nilipomwambia twende, alikuwa na vespa. Jua kali, vespa. Mvua ya masika, vespa, na nguo zimeloa chepechepe.

Nikamuuliza nani mwengine kanunua rimu za aina hii. Hakutaka kusema. Nikamwambia ntakaa hapo dukani nimuulize kila anayeingia. Akanitajia watu wawili. Nikatoka kwake nikaenda kwao, na Kombo pamoja nami, maana mmoja hakutaka kumsikiliza mwanamke mpaka Kombo alipochutama na kutikisa gurudumu lake mbele yake. Rimu zangu sikuzitupa. Tulizipeleka kwa mkereza vyuma Saateni, akatuchongea ringi za aluminiamu za saizi yangu. Tukazisugua habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, tukatia nati za kuchongoka, tukazikaza kwa msalaba, hii kisha ile inayoielekea. Baada ya safari ya kwanza nikazikaza tena. Usukani ukatulia mikononi mwangu kama paka aliyelala. Kituoni kahawa nikaanza kuinywa tena, ingawa mpaka leo siinywi kabla sijamwona mwenye kuimimina akiinywa yeye.

Posa niliirudisha. Bi Kije alilia, kisha akavikunja vitu mwenyewe, kanga kwa kanga, na kumpa mtu avipeleke. Mjini zikazuka hadithi: nimepata mzungu, nimerogwa, nampenda Kombo. Kombo alikuwa na mke wake Tumbatu na watoto, akazisikia hadithi zile na kuendelea kula mihogo yake. Feisal hakuja. Aliyekuja ni mama yake, na wanawake wawili wa kumsindikiza, wamejifunika mabuibui, wakapanda ngazi zetu wakihema. Bi Kije akatoa chai ya tangawizi na kachori. Walikula kwa adabu, wakasema kwa mafumbo, mpaka mmoja wa wasindikizaji akashindwa na mafumbo.

"Mwanangu," akaniambia, "kijana wa watu hakutaka kukuua."

"Najua, mama," nikasema. "Hakutaka kuniua. Alitaka nisijue tu."

Kijiko kikagonga kikombe. Mama yake Feisal alikuwa hajasema neno tangu salamu. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatazama uchochoro, mikono imelala mapajani. Walipoinuka kuondoka nikamshika mkono kumteremsha, maana ngazi za nyumba ile ni za kusimama na giza, na wale wengine wakatangulia. Katikati ya ngazi akasimama. Nilidhani amechoka. Akanivuta karibu, pumzi yake ina harufu ya tangawizi, akaninong'oneza, "Baba yake ndivyo alivyokuwa. Mie nilikaa naye." Akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikudhani anazo, kisha akaachia, akashika ukuta, akateremka ngazi zilizobaki peke yake.